Masika ya "Kitasa"

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na leo hiyohiyo nimeusikia wimbo wa mdogo wangu redioni kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kazini, mikono imezama kwenye mashuka ya hoteli ambayo mtu aliyatapikia divai. Ndiyo kazi yetu pale dobi: wenzetu wanalala, sisi tunafua walivyolala. Mama Pasi, ambaye tumefanya kazi meza kwa meza tangu niajiriwe, huweka redio yake juu ya rafu ya sabuni. Magitaa yakaanza kukwaruza kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma, kisha ikaja sauti, nikaitambua kabla mtangazaji hajasema neno.

Bendi yao inaitwa Kutu. Wanapiga roki, muziki ambao mtaa mzima umeuita kelele za gereji tangu walipoanza kufanyia mazoezi kwenye banda la mafundi magari. Jukwaani mdogo wangu anaitwa Msumari. Nyumbani ni kitinda mimba tu, aliyedekezwa mpaka akasahau kwamba mbeleko ina mwisho.

Wimbo unaitwa "Kitasa". Mashine zilikuwa zinanguruma, sikuyapata maneno. Lakini nilifurahi, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 5 Machi

Mashuka hayakauki. Baba amekataa uji.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeyapata maneno. Duka la simu pale njia panda wametoa spika nje, na nilikuwa nimejibanza barazani kwao kusubiri mvua ipungue. Kibwagizo watu wote wanakijua sasa: "Nigonge wapi tena, na mlango ndio huu?" Wasichana wawili wa shule walikiimba wakirukaruka madimbwi.

Ubeti wa pili unamsimulia mtoto aliyefungiwa nje na baba yake, mvua inamwagika, akajikunyata chini ya lori la baba huyohuyo mpaka kukacha. Anasikia oili ikidondoka karibu na sikio lake. Anaweka kiganja ili imdondokee mkononi, apate kitu cha kusubiri.

Nilisimama pale, mwavuli umefungwa. Mtoto huyo ni mimi. Oili na kiganja hakuna ajuaye duniani isipokuwa mimi na mtu mmoja niliyemsimulia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa msibani kwao. Baba alinituma dawa ya kikohozi, foleni ya dawa ikawa ndefu, nikarudi giza limeingia. Akasema mtoto wa kike anayerudi gizani akalale alikotoka. Chupa ya dawa niliikumbatia usiku mzima. Dawa yenyewe ilikuwa ya huyohuyo anayeimba leo. Yeye alikuwa ndani, ana miaka minne, amefunikwa blanketi mbili.

Katika wimbo amebadilisha kitu kimoja tu. Gauni limekuwa kaptura.

Alhamisi, 14 Machi

Baba anaupenda wimbo.

Lazima nieleze. Baba alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umekufa, maneno yanatoka kama yamelowa. Akili iko sawasawa. Mama hayupo tena, na mdogo wangu ana safari zake, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwosha asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Nafua uchafu wa wageni mchana, wa nyumbani usiku. Sijawahi kulalamika, na watu wameshazoea kwamba sijawahi kulalamika.

Leo wimbo ulipopigwa alianza kugonga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto, akiifuata ngoma. Masikio yake ni mazito. Nadhani anasikia midundo tu. Akaniambia, kwa ule ulimi wake mzito, kwamba mwanawe anajua kuimba. Nilikuwa namfuta mgongo. Nikakamua kitambaa, nikaendelea kufuta. Kinyaa nilichokuwa nacho hakikutoka kwenye beseni.

Jumapili, 17 Machi

Wiki hii: kwa kinyozi, benki, kwa daktari wa meno. Kote Kitasa.

Ijumaa, 22 Machi

Mdogo wangu alihojiwa kwenye televisheni. Tulimtazama kazini, msimamizi alituruhusu kwa sababu mimi ni dada wa staa. Amevaa shati lililochanwa makusudi. Mtangazaji akamwuliza kwa sauti ya hospitali kama wimbo ni wa kweli. Akainamisha kichwa. Akanyamaza kwa muda ambao mtu hawezi kunyamaza asipojifunza. Kisha akasema, "Nililala chini ya lori la baba yangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya oili nashindwa kula." Machozi yakatoka. Yalikuwa machozi kweli, hilo ndilo lililonichefua zaidi.

Mama Pasi alijifuta uso kwa kona ya shuka la mteja. Akanishika bega, akasema pole mwanangu, kumbe mdogo wako aliteseka hivyo. Nikasema ahsante. Nilisema ahsante.

Jioni nikampigia. Nilimuuliza tangu lini alilala chini ya lori. Akaguna, akasema ule ni wimbo, na mimi ya kwenye wimbo si mimi ya nyumbani. Nikamuuliza na mimi ya kwenye televisheni je. Hapo akasema, safari hii bila kujifunza:

"Dada, nilijaribu kuuimba kama wako. Nikisema 'dada yangu', watu wananionea huruma nusu. Nikisema 'mimi', ukumbi mzima unaimba. Sasa ningefanyaje?"

Nikakata simu. Alisema kama fundi anayeeleza kwa nini ametumia skrubu badala ya msumari.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Baba ana vidonda mgongoni, nimempaka dawa.

Jumanne, 2 Aprili

Kampuni moja ya rangi imeununua wimbo kwa ajili ya tangazo. Mtoto wa tangazo anagonga mlango uliobabuka, anaimba "nigonge wapi tena," na mlango unageuka mwekundu unang'aa, baba mwenye meno meupe anamfungulia. Rangi isiyobabuka masika wala kiangazi.

Nililiona nikiwa nakula. Sahani nikaisogeza.

Jambo la ajabu ni kwamba hasira zangu kwa baba, ambazo nilizizika zamani nikadhani zimeoza, zimeanza kufufuka. Nilipomgeuza jioni nilimgeuza kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Akanitazama. Sikumwomba radhi.

Jumamosi, 6 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu, anakuja kesho kumwona baba. Atafuatana na watu wawili watatu. Nimepiga deki, nimebadilisha mashuka. Labda anakuja kuzungumza.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeandika haya nikiwa nyumbani kwa Mama Pasi, kwenye kochi lake, nimevaa kanga yake kwa sababu nguo zangu zimelowa.

Hawakuwa watu wawili watatu. Walikuja na taa, miguu ya kamera, na mama mmoja wa miwani mikubwa aliyekuwa mwongozaji. Wakaingia na matope yao. Kumbe video ya wimbo bado haina mwisho, na mwisho waliouchagua ni baba na mwana wapatane, kitandani, mbele ya kamera. Mdogo wangu alinikumbatia mlangoni upesiupesi, akasema dada usijali, ni dakika chache, na baba amekubali. Alikuwa ameshampigia kwa simu ya jirani na kumweleza wimbo mzima, neno kwa neno. Kwa hiyo baba alijua. Alikuwa amejua tangu juzi, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha.

Walihamisha ndoo na beseni nje. Wakaondoa dawa mezani, wakaweka picha ya zamani ya lori. Wakamvisha baba shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama wa miwani akaniomba nisogee kwa kuwa naziba mwanga, kisha akaniomba chai ya watu sita. Nilipolileta sinia akamwuliza mdogo wangu kama huyu dada wa kazi anaweza kusubiri uani. Mdogo wangu alicheka kidogo, akasema, "Huyu ni dada yangu." Kisha hakuongeza kitu. Mama wa miwani akaniomba radhi vizuri kabisa, na bado nilitakiwa kusogea.

Nikasimama mlangoni na sinia.

Mdogo wangu akapiga magoti kando ya kitanda. Baba akaanza kulia kabla hajasema kitu. Tangu kiharusi machozi yake yako karibu. Akaushika mkono wa mdogo wangu kwa ule mkono mzima, akasema polepole, kila neno likimtoa jasho, "Nisamehe mwanangu. Nilikufungia nje. Mvua inanyesha. Nisamehe."

Na mdogo wangu, yule aliyekuwa chini ya blanketi mbili, akasema, "Nimekusamehe, baba."

Nilidhani nimemaliza kuona. Lakini mama wa miwani akainua kidole, akasema imependeza mno, ila mvua juu ya bati imeyafunika maneno, kwa hiyo warudie. Wakamfuta baba machozi, wakasubiri mvua ipungue. Na wakarudia. Baba akaomba msamaha upya, sasa kwa ufasaha zaidi. Mdogo wangu akasamehe upya. Safari ya pili aliweka na kwikwi.

Nikaliweka sinia sakafuni. Nikasema:

"Baba, aliyelala nje ni mimi."

Kijana wa kamera akaishusha kamera, kisha akaipandisha tena, mama wa miwani akimpa ishara. Baba aligeuza kichwa kwa shida, akanitazama kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

"Wewe?" akasema. "Wewe hukulia."

Basi. Hilo ndilo lililonifuta kwenye kumbukumbu za nyumba yangu. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kulia, akilizwa na hata sisimizi. Mtu akikumbuka mtoto aliyeteseka nyumba ile, anamkumbuka aliyepiga kelele.

Mdogo wangu aliinuka, akasema chinichini kwamba tutaongea baadaye, dada, tafadhali. Na wakati anasema hivyo harufu ikafika. Baba alikuwa amejichafua. Si kosa lake, huwa hivyo akihangaika. Kijana wa kamera akaziba pua kwa kola. Mama wa miwani akakumbuka kwamba wanayo wanayoyahitaji, wakaanza kukunja nyaya haraka kama watu waliosikia moto. Na wote, pamoja na mdogo wangu, pamoja na baba, wakanitazama mimi.

Nikatoka nje, nikachukua beseni, nikalijaza maji ya uvuguvugu kwa sababu baba hawezi maji baridi. Nikaweka sabuni na kitambaa. Nikarudi ndani, nikampa mdogo wangu mikononi.

"Aliyesamehe ndiye amwoshe," nikasema.

Nikachukua mkoba wangu. Mvua ilikuwa imerudi na sikuwa na mwavuli. Nyuma yangu nilisikia akiniita dada, dada, mpaka sauti ikapasuka, na ajabu, ilipasuka palepale inapopasukia kwenye wimbo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda kazini. Sikupiga simu.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijapiga simu. Mama Pasi hajaniuliza kitu, ananiwekea chakula na kuzima redio. Jana alisema tu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aliyeubeba ndiye ajuaye kama ndani mna mawe. Kisha leo, bila kuniambia, amepitia nyumbani kwetu. Amerudi na habari. Mdogo wangu bado yupo. Amefuta maonyesho mawili na wenzake wa Kutu wamemkasirikia. Mama Pasi amemkuta uani anafua mashuka ya baba kwa mkono, anayasugua vibaya, kama mtu anayemkaba kuku. Mama Pasi ilibidi amwonyeshe.

Nilicheka. Kisha nikajisikia vibaya kwa kucheka, kisha hilo nalo likapita.

Jumamosi, 13 Aprili

Amepiga, nikapokea. Hakuanza na habari za wimbo. Aliniuliza vidonda vya mgongoni vinapakwa dawa kabla ya kuoga au baada. Nikamwambia baada, na vikauke kwanza. Akasema siku ile ya kwanza alitapika, akawa na vya kusafisha viwili. Akasema, "Mimi nilidhani nitapata hata mstari mmoja. Humo hamna wimbo, dada."

Nikasema najua.

Akasema wameifuta ile video. Sikumwamini mpaka aliponiambia kwamba mama wa miwani anataka kumshtaki.

Jumanne, 23 Aprili

Nilidhani kinyaa kimefika mwisho wake. Hakijafika.

Jana mdogo wangu alikwenda redioni, bila kuniuliza, akasema ukweli wote. Kwamba mtoto wa wimbo si yeye, ni dada yake mkubwa, anayefanya kazi ya udobi, shujaa wa maisha yake. Leo asubuhi kulikuwa na watu wawili wenye vipaza sauti langoni kazini. Msimamizi, ambaye hajawahi kunipa hata nusu siku, aliniambia nichukue mapumziko, kisha akaomba tupige picha. Mteja mmoja alileta mapazia, akanishika mashavu. Akaniuliza oili ilikuwa ya moto au ya baridi.

Walipoingia mpaka mezani kwetu, Mama Pasi aliwatoa wale wa vipaza sauti kwa pasi ya mvuke. Sisemi kwamba aliwatishia. Alikuwa anapiga pasi tu, karibu nao sana.

Nimempigia mdogo wangu. Nimemwambia aliniiba mara ya kwanza, na mara ya pili amenirudisha dukani nikiwa na bei mpya. Alisema alidhani ndicho nilichotaka. Nilimwambia nilichotaka ni yeye amwambie baba, si nchi nzima. Nilisikia kwamba ameelewa, na kwamba kuelewa kumemuuma. Sikumtuliza. Huko nyuma ningemtuliza.

Jumatano, 1 Mei

Mvua zimeanza kuchoka. Redioni kuna wimbo mpya, wa msichana na filimbi.

Jumapili, 5 Mei

Leo nimekwenda nyumbani. Mdogo wangu alikuwa uani anaanika. Ameajiri muuguzi wa mchana, jioni anamwosha mwenyewe. Kucha za baba zimekatwa vizuri kuliko nilivyokuwa nazikata mimi. Niliudhika nalo, nikalikubali.

Nikamwomba muuguzi atupishe. Nikavuta kiti upande wa sikio zuri la baba, nikamsimulia usiku ule. Bila gitaa, bila ngoma. Foleni ya dawa, giza, mlango, lori, oili, kiganja. Katikati aliinua mkono kunizuia. Sikunyamaza. Nilisimulia mpaka pale jua linapochomoza na mama wa jirani ananikuta. Kisha nikamwambia kwamba miaka yote nilijituliza kwa kusema alikuwa amelewa, alilala, hakunisikia.

Mdomo wake ukatafuta umbo.

"Nilikusikia," akasema. "Sikulala. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Ukigonga, nasikia hapa." Akajigusa kifuani. "Nilisema akilia tu, nafungua. Nikangoja. Hukulia."

Afadhali angekuwa amelewa. Ubao mmoja ulitutenganisha, mtu mzima na mtoto, kila mmoja akingoja mwenzake ashindwe, na mtoto akashinda. Kinyaa kikanirudia. Lakini kilikuwa kinyaa tofauti na kile cha masika yote. Kile kilikuwa kinanuka kila mahali, sijui kinatoka wapi. Hiki nilijua kimeketi wapi, kina shati gani.

Akaniomba msamaha. Hakulia safari hii. Nilimwambia sijui kama ninao, na kwamba sitamdanganya, iwe mbele ya watu au tukiwa peke yetu. Akaitikia kwa kichwa. Nilikaa naye mpaka akasinzia.

Nilipotoka, mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, vibanio mdomoni. Alivitoa akaniuliza baba amesema nini. Aliuliza kama ndugu, nadhani, lakini niliona macho yake yakiwa wazi kwa namna ileile ya mtu anayesikiliza wimbo kwa mbali.

"Hayo ni yangu," nikamwambia.

Akabana shuka la mwisho, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa. Nikaketi barazani, na yeye akaenda kuipika.